Jahazi la mezani ukiwa Arusha au Moshi: vifaa vya kununua, vya kuomba na vya kujitengenezea

Usitegemee kukuta duka la Arusha au Moshi lenye rafu ya vifaa vya kuundia majahazi na meli za mezani. Na wala halihitajiki. Karibu kila kitu kinachotakiwa kwa kazi hii kimo mjini tayari, ila kimetawanyika: kwa fundi cherehani, kwa fundi baiskeli, kwa wachonga vinyago, kwenye duka la vifaa vya hospitali, kwenye karakana za mbao. Kinachowaangusha wengi ni pupa. Mtu anaanza kwa kununua mashine ya umeme ya kuzungusha vijiwe na vimsumeno, hela inaisha, halafu mbao anazikata kwa kisu cha jikoni. Hela nzuri iende kwenye makali na kwenye vipimo. Vingine vinatafutika, na vinunuliwe kadiri kazi inavyovifikia.

Hatua ya 1: chagua chombo na kipimo kabla ya kutoa hata shilingi

Kipimo ndicho kitakachokuambia ununue nini. Chukua jahazi la mita 15. Kwa kipimo cha 1:50 linakuwa la sentimita 30, linakaa vizuri juu ya kabati. Ubao wake wenye unene wa sentimita 4 unakuwa milimita 0.8. Kamba ya sentimita 2 inakuwa milimita 0.4, yaani uzi. Baharia wa mita 1.70 anakuwa na urefu wa sentimita 3.4. Andika hesabu hizi kwenye karatasi na uibandike ukutani, maana kila utakapobishana na nafsi yako kuhusu unene wa fito, jibu liko pale.

Ukishuka hadi 1:100, ubao unakuwa milimita 0.4 na hapo unafanya kazi ya karatasi, si ya mbao. Ukipanda hadi 1:25, jahazi linakuwa sentimita 60 na mlingoti wake utagombana na dari la chumba cha kupanga. Kwa anayeanza, 1:50 inatosha kabisa. Anayetaka kitu chepesi zaidi aanze na ngalawa: ya mita 6 kwa kipimo cha 1:20 ni sentimita 30, kiwiliwili kinachongwa kwenye kipande kimoja kama ilivyo ngalawa yenyewe, kisha unaweka mirengu yake miwili, ile miti ya pembeni inayoizuia isipinduke. Hapo unaruka kazi yote ya kupinda mbao.

Kuna wanaovutiwa na meli za chuma za maziwani, hasa MV Liemba ya Ziwa Tanganyika. Sababu ipo: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupandishwa reli hadi Kigoma, ikashushwa ziwani 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Urefu wake ni kama mita 71, kwa hiyo kwa 1:200 unapata sentimita 35 na kidogo. Lakini hiyo ni kazi ya plaiwudi nyembamba, kadibodi ngumu na rangi nyingi. Mwongozo huu ni wa vyombo vya mbao.

Hatua ya 2: makali

Nenda duka la vifaa vya hospitali, si la vifaa vya ujenzi. Uliza mpini wa kisu cha upasuaji namba 3 na nyembe zake namba 10, 11 na 15. Mpini mmoja unashika zote tatu. Namba 11 ina ncha na ndiyo utakayoitumia zaidi. Namba 10 ina tumbo, inafaa kuchonga. Namba 15 ni ndogo, inaingia kwenye kona. Nyembe hizi huja kila moja kwenye pakiti yake na bei yake ni ndogo kwa makali unayopata. Kuzibadilisha tumia koleo, usitumie vidole. Hapo hapo dukani chukua vibanio virefu vya chuma vya kushikia nyuzi, na mabomba ya sindano mawili au matatu ya kutilia gundi. Moshi, maduka ya dawa yanayozunguka hospitali ya KCMC ni mahali pazuri pa kuanzia kuulizia.

Msumeno: wa meno madogo kabisa utakaoupata. Ukikosa, msumeno wa chuma wa kawaida, ule wa meno 32 kwa inchi, unakata plaiwudi na fito bila kuzipasua. Wembe wake ukikatika usiutupe. Kipande cha sentimita 8 kikinolewa upande mmoja kwenye grinda, polepole huku ukikichovya majini ili chuma kisipoteze ugumu wake, kinakuwa patasi nyembamba kuliko patasi yoyote ya dukani.

Tupa tatu ndogo: bapa, duara na nusu duara. Randa moja ndogo ya kiganja. Jiwe la kunolea, na ukilikosa, msasa namba 400 na kuendelea uliobandikwa juu ya kipande cha kioo. Mafundi wa madirisha ya alumini wana mabaki ya kioo ambayo wanayaona ni uchafu. Omba kimoja cha sentimita 20 kwa 30, wakusagie kingo. Kioo hicho kitakuwa pia meza yako ya kunyooshea kila kitu.

Hatua ya 3: vipimo

Rula ya chuma ya sentimita 30, kalipa ya milimita, skwea ndogo, na bikari ya shule uliyoiwekea sindano pande zote mbili. Hapa usibane. Rula ya plastiki italiwa na wembe siku ya kwanza, na kuanzia hapo kila mstari wako utakuwa na kidonda palepale.

Hatua ya 4: mbao

Hapa ndipo mtu wa mlimani ana neema.

Mafundi wa pwani hupenda mbao zinazovumilia maji, kama mvule na mkongo, na ni jambo la kawaida anayeanza kutaka mbao zilezile. Mimi nasema hapana. Tatizo ni vinyweleo. Kinyweleo cha robo milimita kwenye mninga au mvule hakikusumbui kwenye meza ya kulia chakula, lakini kwa kipimo cha 1:50 jicho linakisoma kama ufa wa zaidi ya sentimita moja. Jahazi lako litaonekana limeundwa kwa mbao zilizooza. Unataka mti wenye nyuzi laini zilizoshikana.

Kwa mbao za ubavuni, saipresi ndiyo chaguo langu. Inapandwa kwenye misitu ya serikali ya Meru na ya magharibi mwa Kilimanjaro, haikosekani kwenye karakana, nyuzi zake zimenyooka na inapindika kwa maji ya moto bila ugomvi. Chagua kipande kisicho na macho. Paina inafanana nayo kwa mbali, lakini ina utomvu, na nyuzi zake ni ngumu na laini kwa zamu, hivyo ukipiga msasa inabaki na mawimbi. Mjakaranda nao unafaa sana kuchonga: mweupe, mwepesi, unatii kisu. Arusha imejaa mijakaranda, na matawi yanapokatwa au kuangushwa na upepo unaweza kuomba kipande kwa mwenye uwanja.

Mgrevilea, ule wa kivuli mashambani, una madoadoa ya kung'aa yanayopendeza kwenye samani na kuharibu sura ya chombo kidogo. Utumie ndani, kwenye mataruma, yaani mbavu za chombo, yasiyoonekana.

Hazina ambayo wengi wanaichoma jikoni ni mbuni, yaani mti wa kahawa. Mkulima wa Marangu au wa Tengeru akikata mibuni ya zamani, vile vijiti vya unene wa kidole ni mti mgumu, mweupe, wenye nyuzi laini kupita kiasi. Kapi, usukani, vigingi vya kufungia kamba, mipini ya vifaa vyako mwenyewe: vyote vichonge humo. Mpera unakaribia kuufikia. Na ukitaka kitu cheusi bila rangi, zungumza na wachonga vinyago wa mpingo. Vipande vya ukubwa wa kiberiti ambavyo kwao ni takataka vinakutosha mwaka mzima. Mpingo unamaliza wembe, kwa hiyo uufanyie kazi kwa tupa.

Vijiti vibichi vipake rangi au nta kwenye ncha zote mbili na uvihifadhi kivulini. Desturi ya maseremala ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, na haina njia ya mkato. Ukiviweka juani vitapasuka kama korosho kwenye kikaango.

Sasa uchanaji. Karakana haiwezi kukuchania fito za milimita moja, ila fundi makini atakutolea shiti za milimita 3. Mazungumzo huenda hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, karibu."

"Naomba unichanie hii saipresi shiti za milimita tatu, upana inchi moja, urefu futi mbili."

"Za kazi gani hizo?"

"Za kuundia jahazi."

Atacheka, atawaita wenzake wasikie, kisha atakuchania vizuri kuliko ungeomba za kazi ya kawaida. Mwachie nauli ya chai, kwa sababu utarudi.

Kuzishusha hadi milimita moja unatumia randa na waya mbili za chuma zenye unene wa milimita moja. Zilaze waya juu ya ubao ulionyooka, shiti katikati, waya zikae chini ya kingo za soli ya randa, zisikae chini ya wembe. Randa inakula hadi soli ikanyage waya, hapo wembe hauna tena cha kula na unene umekuwa sawa mwanzo hadi mwisho. Kwa vipande vya milimita 2 tumia spoku mbili za baiskeli badala ya waya. Spoku nyingi zina unene huohuo. Kisha kata fito za upana wa milimita 5 kwa wembe na rula ya chuma. Pita mara nyingi kwa mkono mwepesi, maana ukibonyeza mara moja wembe utafuata nyuzi za mti badala ya rula.

Ukiona hiyo ni kazi ndefu, mafundi wa samani wana mabaki ya veniya, ile ngozi nyembamba ya mbao. Unene wake ni kama milimita 0.6, unakaribia kipimo. Ni dhaifu ikiwa peke yake, kwa hiyo weka tabaka mbili.

Hatua ya 5: kitanda cha kuundia na vibanio

Kitanda ni ubao wa plaiwudi nene, milimita 18, wa sentimita 40 kwa 20, usiopinda. Juu yake funga kwa skrubu fito mbili za mbao ngumu zilizoachana kwa unene wa mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo. Mkuku unasimama katikati yake, na kila taruma unalikagua kwa skwea kabla gundi haijashika. Mkuku na mataruma kata kwenye plaiwudi ya milimita 4.

Vibanio: vya nguo vya mbao, vile vya kubania karatasi vya ofisini, na tyubu kuukuu ya baiskeli iliyokatwa vipande vya upana wa sentimita moja. Tyubu inazidi klampu za dukani kwa kazi hii, kwa sababu inazunguka chombo kizima na kukaza sawasawa kwenye mzingo ambako klampu inateleza. Kibanio cha nguo ukikigeuza miguu nje ndani, kinapata mdomo mrefu unaofika mbali na ukingo.

Hatua ya 6: kupinda fito

Hapa pasomwe polepole.

Chovya fito kwenye chupa ya chai yenye maji ya moto, dakika ishirini hivi. Wakati huo weka kopo tupu la chuma juu ya jiko lenye mkaa kidogo, au tumia pasi ya umeme iliyosimamishwa. Dondoshea tone la maji: likichemka na kukauka palepale, joto linatosha, mti ukitoa moshi, limezidi. Shika fito kwa ncha zote mbili, iegemeze kwenye mviringo wa kopo na uisukume mbele na nyuma bila kuikalisha mahali pamoja. Kuna wakati utaisikia mikononi imelegea, upinzani umekwisha. Hapo ndipo unapoipinda, zaidi kidogo ya unavyohitaji, kwa kuwa itarudi nyuma ikipoa. Ikianza kuinua unyoya upande wa nje, acha, irudishe kwenye maji.

Ikishapata umbo, ibanie kwenye mataruma bila gundi na uiache usiku kucha. Ukiigandisha ikiwa mbichi, itasinyaa upana wake na kuacha mianya ubavuni, na gundi nyeupe haishiki vizuri kwenye mti uliolowa. Vilevile usipashe moto sehemu iliyokwisha gundiwa, kwa kuwa gundi hiyo hulegea kwa joto.

Jiko la mkaa likae nje au mlangoni. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Arusha inawafanya watu wafunge milango na madirisha wakiwa na jiko ndani, na hewa ya mkaa inaua bila kunusa kitu. Wakati wa masika nako kuna mtego mwingine: fito zinavuta unyevu, ukizigundisha mwezi wa nne zitasinyaa kiangazi. Ziache ndani ya chumba cha kazi wiki kadhaa kabla ya kuzitumia, na ikiwezekana mbao za ubavu zigande wakati wa ukavu.

Hatua ya 7: matundu na misumari

Biti za drili chini ya milimita moja ni adimu na zinavunjika. Sindano za cherehani zimejaa kila mahali, na namba zake ni vipimo: namba 80 ina unene wa milimita 0.8, namba 90 ni 0.9, namba 100 ni milimita moja kamili. Vunja ncha kwa koleo pale kwenye tundu la uzi, isage iwe bapa pande mbili juu ya jiwe, kisha igandishe kwa epoksi kwenye mpini wa mbuni. Unaizungusha kwa vidole. Vaa miwani unapoivunja, chuma hicho huruka.

Misumari ya kushikia mbao tengeneza kwa vijiti vya mishikaki, ambavyo ni mianzi. Chukua jani la bawaba kuukuu, toboa matundu ya milimita 2, 1.5, 1.2, na la mwisho 0.9 kwa biti uliyoazima kwa fundi simu au fundi redio. Pasua kijiti mara nne, chonga ncha, pitisha kwenye tundu kubwa na uvute kwa koleo upande wa pili. Kisha tundu linalofuata. Usisukume, utavunja. Mwishoni una fito ya duara unayoikata vipande, unavitia gundi na kuvipiga msasa hadi viwe sawa na ubao. Kwa 1:50 msumari wa milimita 0.9 ni kama wa sentimita 4.5 kwenye chombo halisi, kwa hiyo usijaze ubavu mzima ukidhani unapamba.

Anayetaka kuepuka misumari kabisa anaweza kufikiria mtepe, chombo cha zamani cha pwani yetu ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Ila kushona kwa kipimo hiki kunahitaji macho ya kijana na subira ya mzee.

Hatua ya 8: kamba na tanga

Uzi wa pamba au wa kushonea viatu, na kipande cha nta ya nyuki kutoka kwa wauza asali. Pitisha uzi kwenye nta mara mbili, manyoya yalale. Kujua unene wake, uzungushe mara kumi kwenye kalamu, mizunguko ikigusana, pima upana na ugawe kwa kumi. Kwa kamba nene, yaani henza ya kupandishia tanga na amari ya nanga, funga nyuzi tatu kwenye msumari ukutani na upande wa pili kwenye ndoano iliyobanwa kwenye drili ya mkono. Sokota kinyume cha msokoto wa uzi wenyewe huku ukiuvuta, la sivyo kamba itafumuka ukiiachia.

Kitambaa cha marikani ni kizito mno kwa tanga la sentimita 30. Tafuta shati jepesi la pamba kwenye mitumba ya soko la Kiboriloni, Moshi, au la Kilombero, Arusha, lililochakaa kwa kufuliwa. Wengi hupaka chai ya rangi ili lipate sura ya kuzeeka. Linapendeza, lakini chai ina asidi na kitambaa kitachoka mapema. Rangi ya maji ya hudhurungi iliyozimuliwa ni bora.

Hatua ya 9: gundi, rangi na vumbi

Gundi nyeupe ya mbao kwa karibu kila kitu, ukiitia kwa bomba la sindano. Epoksi kwa chuma na mbao. Super Glue iwe ya mafundo ya kamba tu, kwa kuwa inaacha weupe kwenye mti na mahali ilipogusa vanishi haiingii.

Vanishi iwe isiyong'aa, izimuliwe kwa tina, ipakwe nyembamba mara tatu. Jahazi halisi hupakwa sifa, mafuta ya papa, na chini ya mstari wa maji hupakwa chokaa iliyochanganywa na shahamu. Kwa hiyo tumbo la chombo chako liwe jeupe, weupe uliofifia. Tina na jiko la mkaa visikutane chumba kimoja. Vumbi la mvule na la mpingo linawasha ngozi na kubana kifua, vaa barakoa na ufute meza kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia.

Hatua ya 10: kasha

Vumbi la Arusha litaingia katikati ya kila uzi, na huwezi kulipangusa bila kukata kitu. Mpe fundi alumini yuleyule aliyekupa kioo kazi ya kutengeneza kasha. Kabla ya kumtajia vipimo, pandisha foromali, ule mti unaobeba tanga, pamoja na tanga lenyewe, kisha ndipo upime. Foromali ya jahazi hukaribia urefu wa chombo chenyewe na hukaa mshazari, hivyo kasha lililopimwa kwa kufuata mkuku na mlingoti pekee litakuwa fupi. Ongeza sentimita 5 kila upande, na mwambie aache mlango nyuma, si juu.